Aya Niliyoiruka

Siku yangu ya kwanza kazini, katika tawi la kampuni ya bima mjini Wote, nilipewa kiti kisicho na meza. Meza yangu ilikuwa bado kwa seremala, kwa hiyo wiki nzima nilifanya kazi nikiwa nimepakata faili mapajani. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimesomea ukarani, na sikuwa nimewahi kusoma mkataba wa bima hata mmoja. Meneja wa tawi, mzee mrefu aliyevaa sweta hata jua likiwaka, alinipa faili moja nene akaniambia niisome mpaka saa sita, kisha nimweleze nimeona nini.

Ilikuwa ya mwanamume aliyegongwa na lori karibu na Malili akavunjika mguu. Saa sita ilipofika nilimwambia nimeona mtu ameumia vibaya.

"Kuumia kwake ni kazi ya daktari," alisema meneja. "Mimi nakuuliza ameomba nini ambacho hatutalipa."

Nilirudi nikasoma tena.

Nyinyi vijana ambao hamjawahi kuingia ofisi ya madai, niwaeleze kidogo. Mwenye gari hukata bima ili akigonga mtu, kampuni ilipe kwa niaba yake. Aliyegongwa tulimwita mtu wa tatu, kwa sababu wawili wa kwanza ni kampuni na mwenye gari. Mtu wa tatu alidai mambo mawili. La kwanza ni fidia ya jumla, yaani malipo ya maumivu yenyewe na kiungo kilichoharibika. La pili ni fidia maalum, yaani kila kitu alichotoa mfukoni kwa sababu ya ajali. Bili ya hospitali haikuwa na ubishi sana. Ubishi ulikuwa kwenye kile tulichokiita gharama za kando: nauli ya kwenda kliniki, mtu wa kumwogesha mgonjwa, vibarua wa kulima shamba ambalo mgonjwa angelilima mwenyewe, siku za soko zilizopotea. Kazi yangu kwa miaka zaidi ya thelathini ilikuwa kwenda nyumbani kwa watu, kuuliza juu ya gharama hizo, na kuandika ripoti.

Sheria ya ofisi ilikuwa fupi. Bila risiti, hakuna gharama. Sasa niambieni, ni nani Ukambani anaandika risiti? Jirani anayekuchotea maji silangani, kwenye bwawa la kijiji, kwa miezi minne hana kitabu cha risiti. Mama anayekuja kupika na kuosha vyombo hupewa kibaba cha pojo akaenda zake. Nilikaa kwenye viti vya watu, nikanywa chai yao, nikawauliza karatasi ambayo nilijua hawana. Kisha nikaandika: "Haikuthibitishwa." Neno hilo nimeliandika mara nyingi kuliko jina langu.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishwa Kitui. Huko nilimkuta Afisa Mkuu wa Madai ambaye alikuwa mtu wa namna nyingine. Alikuwa mfupi, mzee wa kanisa, na hakupandisha sauti. Alinifundisha kwamba ripoti haiandikwi ofisini. "Ukifika kwa mtu, usianze na karatasi," aliniambia. "Anza kwa kuuliza siku yake ilikuwaje kabla ya ajali. Saa ya kuamka, saa ya kulala. Halafu uliza siku yake ya sasa. Tofauti ya siku hizo mbili ndiyo dai."

Nakumbuka alinituma Migwani kwa mkulima aliyegongwa na gari la kubeba mchanga. Pojo zake zilikuwa zimepasukia shambani kwa kukosa mtu wa kuvuna. Hakuwa na risiti, kwa maana hakuna anayekuandikia risiti ya mavuno yaliyopotea. Afisa Mkuu alisoma ripoti yangu, akayaandikia makao makuu barua kuomba malipo ya hisani, yaani malipo ambayo kampuni hutoa bila kulazimishwa na sheria. Walitoa. Si yote, lakini walitoa. Nawaambia hili ili msije mkafikiri sikujua kwamba inawezekana. Nilijua. Niliona kwa macho yangu.

Afisa Mkuu alistaafu, na mimi nikarudishwa Wote. Tawi sasa lilikuwa na kompyuta na Mkuu wa Madai mpya, kijana wa suti aliyekuja na shahada mbili. Aliniita Madam. Hakuwa mtu mbaya wa kutukana watu. Alikuwa na jedwali ukutani linaloonyesha kila dai limekaa siku ngapi, na alitaka madai yafungwe. Kazi yangu wakati huo ilikuwa ya mkataba wa miaka miwili miwili. Nilikuwa nimeahidiwa kuajiriwa moja kwa moja, na binti yangu Mwende alikuwa chuo.

Hapo ndipo ilipokuja faili ya Kambu, soko lililo kando ya barabara kuu.

Ndinda alikuwa mama wa miaka arobaini na kitu. Mume wake, Nzioka, alipoteza macho akiwa kijana kwa ugonjwa, akasomeshwa katika shule ya wasioona, akafundishwa kusuka viti. Alisuka kwa kamba za katani, kazi safi ambayo wenye mikahawa kando ya barabara kuu waliipenda. Ndinda ndiye aliyekuwa macho yake. Kila asubuhi alimshika mkono wakavuka barabara hiyo ya malori, wakapita mkahawa kwa mkahawa wakichukua viti vilivyokatika na kurudisha vilivyosukwa. Siku ya ajali Ndinda alikuwa ameshamvusha mumewe, akarudi peke yake kuchukua kiti kilichobaki. Pikapu ya vitunguu ilikuwa inapita lori upande usiofaa. Ilimgonga hatua mbili kutoka ukingoni. Nzioka alisikia yote akiwa amesimama ng'ambo, na hakuweza kuvuka kumfikia.

Kosa halikuwa na shaka. Dereva alikubali kortini. Ripoti ya polisi ilisema wazi. Nyonga ya Ndinda ilikuwa imevunjika, na mguu wake wa kulia ukawekwa vyuma.

Nilifanya kama nilivyofundishwa Kitui. Nilikwenda nyumbani kwao, nikamkuta Nzioka peke yake, Ndinda akiwa bado hospitalini, nikamuuliza siku yake ilikuwaje zamani na iko vipi sasa. Alinieleza taratibu, mikono yake ikiendelea kusuka.

"Sasa naamka, nakaa," alisema. "Kuna jirani yangu Musyoka, alikuwa na bucha. Yeye hunipeleka mahali siku akiwa na nafasi, na mimi humpatia kitu. Siku hana nafasi, siendi. Viti vinanijia hapa kama mwenye mkahawa ni mvumilivu. Wengi wao si wavumilivu."

"Musyoka amekuandikia popote kwamba unamlipa?"

Alicheka kidogo. "Mwaitu, hata angeandika, mimi ningesomaje?"

Mwaitu kwa Kikamba ni mama, na ndivyo mtu mwenye heshima anavyomwita mwanamke mzima. Aliniita hivyo mpaka mwisho.

Nilimwomba Musyoka aje, nikaandika maelezo yake, akatia sahihi. Katika ripoti yangu niliweka mstari: gharama ya kumwongoza mume wa majeruhi, kila siku ya kazi, mpaka majeruhi atakapoweza kutembea. Niliipeleka kwa Mkuu wa Madai nikiwa na fahari.

Aliusoma mstari ule mara mbili. "Madam, aliyegongwa ni mke ama ni mume?"

"Ni mke."

"Sasa macho ya mume yanaingia wapi?"

"Mke ndiye aliyekuwa anamwongoza. Riziki yao yote ilipitia mkono wa huyo mama."

"Naelewa. Inasikitisha. Lakini hiyo ni hasara ya mtu wa nne, na bima yetu inaishia kwa mtu wa tatu." Aliufuta mstari kwenye kompyuta mbele yangu. "Tulipe hospitali, tuwape kitu kidogo cha maumivu, wasaini, tufunge."

Nilitaja malipo ya hisani. Alisema makao makuu yameyasimamisha. Sikuuliza tangu lini. Sikuomba kuona barua. Ningeweza kumwambia Nzioka atafute wakili. Hilo halikatazwi na sheria yoyote. Nalo sikulifanya.

Wiki iliyofuata alinipa karatasi ya kufunga dai. Ni karatasi ambayo mdai hutia sahihi akikubali malipo, ndipo hundi itoke. Ilikuwa ya Kiingereza na ina aya tano. Aya ya nne ilisema kwamba mdai na familia yake hawatadai tena kitu chochote kutokana na ajali hiyo, kiwe kinajulikana leo ama kitajulikana baadaye.

"Wasomee kiasi cha kuelewa," alisema Mkuu wa Madai. "Ukianza kufafanua aya ya nne utakaa huko mpaka Krismasi. Na ile barua yako ya ajira iko mezani kwangu, nataka kuituma na matokeo mazuri."

Niliwakuta wodini, katika hospitali ya misheni. Ndinda alikuwa amepona kiasi cha kwenda nyumbani, lakini hospitali ilikuwa imemzuilia kwa sababu ya bili. Alikuwa amelala wodi hiyo wiki tatu zaidi ya alizohitaji. Dawa za maumivu zilimfanya asinzie katikati ya sentensi. Nzioka alikuwa ameketi kando ya kitanda, Musyoka amemleta na kutoka nje.

Kabla sijafungua mkoba, Nzioka aliomba tusali. Alimshukuru Mungu kwa maisha ya mke wake, akaniombea mimi kwa jina, na akaomba kazi ya mikono yangu ibarikiwe. Nilisema amina.

Kisha nikasoma. Nilikuwa nasoma Kiingereza kimya na kusema Kikamba kwa sauti, kama nilivyozoea. Aya ya kwanza, majina na siku ya ajali. Ya pili, kiasi. Ya tatu, kwamba hospitali italipwa moja kwa moja. Nikafika ya nne. Nilimwangalia Ndinda, macho yake yalikuwa yamefumbwa nusu. Nilimwangalia Nzioka, uso wake umeelekea dirishani. Nikasoma ya tano, inayosema karatasi imesainiwa kwa hiari.

"Imeisha?" aliuliza Nzioka.

"Imeisha."

Nzioka alitafuta mkono wa mke wake juu ya blanketi, akaushika, akanipa. Nilikibonyeza kidole gumba cha Ndinda kwenye wino mimi mwenyewe. Kilikuwa cha moto, kwa homa.

Jioni hiyo aliruhusiwa kwenda nyumbani. Nilijiambia hilo ndilo la muhimu, na kwa muda niliamini.

Haukupita mwaka. Vyuma vya mguu wa Ndinda viliingia usaha, daktari akasema lazima apasuliwe tena vitolewe. Nzioka alikuja Wote na Musyoka. Alikuwa na barua ya daktari, na ukurasa mwingine aliomwandikisha Musyoka, wenye kila siku aliyoongozwa tangu ajali. Alikuwa amelikumbuka swali langu kama malipo ya Musyoka yameandikwa popote.

Mkuu wa Madai aliwapokea vizuri, akaagiza chai. Akafungua faili, akatoa karatasi ile. "Mzee, dai lenu lilifungwa. Aya ya nne inasema hamtadai tena, wewe na familia yako. Mke wako alitia kidole. Na Madam huyu hapa ndiye aliyewasomea."

Nzioka aliweka kikombe chini. Aligeuza uso kuelekea mahali nilipokuwa nimekaa. Sikuwa nimesema neno tangu waingie, ila salamu.

"Mwaitu," alisema, "hiyo aya ulitusomea?"

Musyoka alikuwa ananitazama. Mkuu wa Madai alikuwa ananitazama pia, kalamu mkononi. Ningesema sikusoma, karatasi ile ingekuwa na kasoro, na wakili yeyote wa Wote angeweza kuishika hapo. Nilijua hivyo kuliko mtu yeyote chumbani.

"Nilisoma," nikasema.

Nzioka aliitikia kwa kichwa. Alisimama, akamshika Musyoka bega, akasema asante kwa chai. Nilisikia fimbo yake ikigonga ngazi mpaka chini.

Barua yangu ya ajira ilikuja mwezi huo. Baadaye nikafanywa Afisa Mwandamizi. Nilifanya kazi miaka tisa zaidi, na ninaweza kuwaambia nilikuwa mzuri. Nilifundisha makarani wachanga jinsi ya kuhoji, jinsi ya kupanga faili, jinsi ya kumtambua daktari anayeandika barua za uongo. Katika miaka hiyo tisa sikukubali tena kazi ya upande wa Kambu. Nilisema barabara inanisumbua mgongo. Kuhusu Ndinda, nilisikia kwamba kanisa lao lilichangisha akapasuliwa, lakini kwa kuchelewa, na mguu ukabaki mfupi.

Nilistaafu kwa heshima. Walinipa blanketi na chupa ya chai, Mkuu wa Madai akatoa hotuba akisema mimi ni nguzo. Nikaenda nyumbani nikidhani kitu hicho kitabaki ofisini pamoja na faili. Hakikubaki. Nilikuwa naanza kumsomea mjukuu wangu, na nikifika katikati ya ukurasa, sauti inanikatika.

Basi nikaenda Kambu kuungama. Niliwakuta nje ya nyumba. Ndinda alikuwa kwenye kigoda anachagua pojo kwa ungo, fimbo ikiwa imelala kando yake. Nzioka alikuwa amekaa tu. Mikahawa siku hizi inanunua viti vya plastiki, na hata ile michache inayotaka vya kusuka imepata mafundi wanaojifikisha wenyewe. Nilipotaja jina, Ndinda alisema karibu, akataka kuinuka kupika chai. Nilimwomba akae.

Nilisema kila kitu. Aya ya nne, na kwamba niliiruka nikijua, na kwamba niliulizwa mbele ya mkubwa wangu nikadanganya. Sikulia, kwa sababu niliona sina haki ya kuwalilia.

Nzioka alisikiliza mpaka mwisho. "Nilijua," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Nilijua siku ile ile. Ulikuwa unasoma kama mtu anatembea, halafu ukasimama, halafu ukaendelea haraka. Nikajua kuna kitu umevuka. Lakini alikuwa amezuiliwa wiki tatu, mwaitu. Kama ningekuuliza, ungesoma, na baada ya kusoma tungetia kidole vile vile. Kwa hiyo sikuuliza." Alipangusa magoti kwa viganja. "Ile siku ya ofisini ndiyo nilikuuliza. Hapo nilikuwa nataka unijibu."

Ndinda alikuwa ameacha kuchagua pojo. Alikuwa anamtazama mumewe.

"Wewe ulijua?" alimuuliza.

Nzioka aliendelea kupangusa magoti.

"Miaka hii yote umeniambia karatasi ilisomwa," alisema Ndinda. Hakupandisha sauti. "Nimekuwa nikidhani ni mimi. Nilidhani ilisomwa nikiwa nimelala kwa zile dawa, nikatia kidole bila kusikiza, nikatumaliza. Nimeomba msamaha kwa Mungu kwa hilo. Nimekuomba msamaha wewe, Nzioka, na ukaniambia umenisamehe."

"Ndinda," alisema Nzioka.

Ndinda aliweka ungo chini bila kumwaga hata punje. Alichukua fimbo yake, akainuka kwa shida, na sikuthubutu kumshika. Akaanza kutembea kuelekea upande wa silanga, mguu mfupi ukiburuta mchanga.

Nzioka alikuwa amegeuza kichwa akifuata ile sauti ya kuburuta mpaka ikapotea. Kisha akaniuliza, kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kumuuliza, "Amefika wapi?"

"Amefika kwenye ua wa miba."

"Anaangalia nyuma?"

Nilitazama muda mrefu, ili niwe na hakika. "Hapana," nikasema. "Haangalii."

Pensheni yangu huingia kila mwisho wa mwezi. Vijana wa kanisani kwetu wakipata kazi za bima huja kuniuliza, "Nizingatie nini, mama?" na mimi huwaeleza fidia ya jumla na fidia maalum, jinsi ya kuhoji, jinsi ya kuandika gharama za kando zikaeleweka. Huondoka wameridhika. La Kambu siwaambii. Nililisema kwa mdomo mara moja, nikadhani natua mzigo wangu, na mmeona nilimtwisha nani. Ndiyo maana hili nimeliandika tu.